Moyo Wenye Kuta Nene: Kusoma Majibu, Kuelewa Matarajio na Kujilinda

Somo kwa wakazi wa Tunduma na wilaya za Mkoa wa Songwe

Madhumuni ya somo

Somo hili linamhusu mtu aliyepimwa moyo akaambiwa kuwa msuli wa moyo wake umenenepa kupita kiasi, pamoja na ndugu zake wanaomtunza. Baada ya kulisoma, msomaji aweze kutambua namba zinazohusika katika karatasi ya majibu, kueleza kwa nini watu wawili wenye unene unaokaribiana wana matarajio tofauti, kuuliza maswali yanayofaa hospitalini, na kujiepusha na dawa zinazoweza kumdhuru.

Tumeona kuwa neno "nene" au "kubwa" likiandikwa karibu na neno "moyo" huzaa maamuzi mawili, na yote mawili ni ya hatari. Wapo wanaoamini kuwa kifo kimeshapiga hodi, wakauza shamba au mifugo ili kumlipa yeyote anayewaahidi kuuponya moyo kwa wiki tatu. Wapo pia ambao, kwa kuwa hawasikii maumivu yoyote, huiweka karatasi kabatini na kurudi kazini kana kwamba hakuna kilichosemwa. Tunapenda kumweleza msomaji tangu mwanzo kwamba unene wa msuli ni habari nzito, lakini haujitoshelezi kutabiri maisha ya mtu. Matarajio hupatikana kwa kuunganisha mambo matatu: unene wenyewe, chanzo chake, na dalili zinazoandamana nao. Jambo la nne ni matibabu, na hilo kwa sehemu kubwa limo mikononi mwa mgonjwa na jamii yake.

1. Moyo mnene ni upi?

Moyo una vyumba vinne. Chumba cha chini upande wa kushoto ndicho kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, na kwa sababu hiyo kuta zake ni nene kuliko za vyumba vingine. Kwa mtu mzima mwenye afya, unene wa kuta hizo ni kati ya milimita 6 na 10 hivi. Ukuta ukizidi hapo, nafasi ya ndani inayopokea damu inaweza kupungua, na msuli wenyewe hukakamaa ukashindwa kulegea ipasavyo kati ya pigo moja na jingine. Mgonjwa huanza kukosa pumzi apandapo mlima au abebapo mzigo, ingawa nguvu ya moyo kusukuma damu inaweza bado kusomeka kuwa nzuri.

Tutenganishe mambo mawili ambayo mitaani huitwa kwa jina moja la "moyo mkubwa". Katika hali ya kwanza, kuta hunenepa. Katika hali ya pili, vyumba hutanuka na kuta huwa nyembamba na dhaifu. Picha ya eksirei ya kifua huonyesha umbo la nje la moyo tu, kwa hiyo haiwezi kutenganisha hali hizi kwa uhakika. Kipimo kinachopima unene ni eko ya moyo, yaani picha inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kipimo hiki hakina sindano wala mionzi, na mgonjwa halazimiki kulazwa.

Karatasi ya majibu ya eko huandikwa kwa vifupisho. Herufi IVSd husimama kwa ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini, na PWd kwa ukuta wa nyuma. Mgonjwa aangalie pia kipimo kilichotumika: 1.6 ikiandikwa kwa sentimita ni sawa na milimita 16. Wapo waliotishika kwa kudhani 16 ni sentimita, na wapo waliopuuza 1.6 kwa kudhani ni milimita. Herufi EF huonyesha asilimia ya damu inayosukumwa nje kwa kila pigo.

2. Chanzo huja kabla ya utabiri

Chanzo kinachoongoza katika nchi yetu ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi tunaliita presha. Moyo unaosukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa kwa miaka mingi hunenepa kama mkono wa mtu abebaye magunia kila siku. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta na presha takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Katika utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 waliokuwa na moyo ulioshindwa kufanya kazi walichunguzwa. Presha ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu, kwa asilimia 45, na wastani wa umri wa wagonjwa wote ulikuwa miaka 55 tu, umri ambao mtu bado ana watoto wa kusomesha.

Chanzo cha pili ni ugonjwa wa kurithi wa msuli wa moyo. Hapa msuli hunenepa wenyewe kwa sababu ya hitilafu katika vinasaba, hata kama presha ni ya kawaida. Daktari Donald Teare wa London aliueleza mwaka 1958 baada ya kuchunguza mioyo ya vijana waliofariki ghafla. Tafiti za nchi mbalimbali hukadiria kuwa mtu mmoja kati ya 500 anao. Daktari huufikiria pale ukuta unapofika milimita 15 au zaidi na hakuna sababu nyingine ya kutosha, au milimita 13 kwa mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake tayari amethibitishwa kuwa nao.

Zipo sababu nyingine pia, kama vile mlango wa moyo wa kuelekea kwenye mshipa mkuu kuwa mwembamba, au vitu visivyo vya kawaida kujazana ndani ya msuli. Kila moja ina tiba yake. Mlango uliobana, kwa mfano, huhitaji kufunguliwa au kubadilishwa, na dawa za presha peke yake haziwezi kuufungua.

Kwa hiyo swali la kwanza la mgonjwa kwa daktari liwe hili: "Unene huu umeletwa na nini?" Anayejibu swali la pili, "nitaishi muda gani?", kabla ya kujibu la kwanza, anakisia.

3. Tafiti zinasema nini kuhusu matarajio?

Kwa unene utokanao na presha, ukweli una pande mbili. Upande wa kwanza unatisha. Moyo mnene usiotibiwa huelekea kushindwa kufanya kazi, hupata mapigo yasiyo na mpangilio, na mwenye nao huwa katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi. Katika utafiti ule wa Muhimbili, ambao wagonjwa wake walikuwa wameshafikia hatua ya moyo kushindwa, vifo vilikuwa takriban 22 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Miongoni mwa mambo yaliyoandamana na vifo hivyo ni mapigo yasiyo na mpangilio na upungufu wa damu. Haya mawili yanaweza kupimwa na kutibiwa.

Upande wa pili unatia moyo: unene wa presha unaweza kupungua. Mwaka 2004 zilichapishwa taarifa za wagonjwa 941 wa presha waliokuwa na dalili za moyo mnene, waliotibiwa na kupimwa eko mara kwa mara kwa takriban miaka 5. Wale ambao uzito wa msuli wa moyo wao ulipungua walipata vifo vya moyo, viharusi na mishtuko ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko wale ambao haukupungua. Ndiyo kusema, anayemeza dawa kila siku hafanyi hivyo ili namba ya mashine ipendeze. Anaurudisha nyuma ukuta wenyewe, milimita kwa milimita, kwa miezi na miaka.

Kwa ugonjwa wa kurithi, hatari inayoogopwa zaidi ni kifo cha ghafla, hasa kwa vijana. Mwaka 2000 watafiti wa Italia na Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 480. Kwa wale ambao ukuta wao haukuzidi milimita 19, hatari ya kifo cha ghafla kwa miaka 20 ilikadiriwa kuwa karibu na sifuri. Kwa wenye milimita 30 au zaidi ilikaribia asilimia 40, sawa na watu 18 hivi kwa kila 1,000 kwa mwaka. Hii ndiyo sababu madaktari huiangalia namba 30 kwa uzito wa pekee.

Mwaka uliofuata, utafiti wa London wa wagonjwa 630 uliongeza tahadhari muhimu: vifo vingi vya ghafla vilitokea kwa watu ambao ukuta wao ulikuwa chini ya milimita 30. Hivyo mwenye milimita 22 asijione salama kwa kuwa hajafika 30, na mwenye 31 asijihesabu kuwa amekwisha. Tangu mwaka 2014 madaktari wa moyo wa Ulaya hutumia hesabu inayounganisha mambo saba: umri, unene wa ukuta, upana wa chumba cha juu cha kushoto, kizuizi katika njia ya damu, kifo cha ghafla katika familia, mapigo ya hatari yaliyonaswa na kipimo, na kuzimia kusikoelezeka.

Aidha, matibabu yamebadilisha sura ya ugonjwa huu. Ripoti ya mwaka 2015 kuhusu wagonjwa 1,000 wa Marekani, waliokuwa na umri wa miaka 30 hadi 59 walipofika kliniki, ilionyesha kuwa vifo vilivyosababishwa na ugonjwa huo vilikuwa takriban 5 kwa kila wagonjwa 1,000 kwa mwaka. Wagonjwa hao walipata dawa, upasuaji na vifaa vya kushtua moyo kila ilipohitajika. Namba hiyo haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mgonjwa asiyefika kliniki, lakini inaonyesha mahali ambapo matibabu yanaweza kumfikisha mtu.

4. Mifano mitatu ya kujifunzia

Mifano hii tumeitunga kwa ajili ya somo.

*Mfano wa kwanza.* Dereva wa lori, miaka 52, anasubiri foleni ya mpaka wa Tunduma na Nakonde. Presha yake ni 180/110 na ukuta wa moyo ni milimita 16. Hana dalili yoyote. Humeza dawa ya presha pale tu kichwa kinapouma.

*Mfano wa pili.* Mama wa miaka 45, mkulima wa kahawa Mbozi. Presha yake ni ya kawaida, na ukuta ni milimita 17. Hajawahi kuzimia, hakuna aliyefariki ghafla katika ukoo, njia ya damu haina kizuizi, na kipimo cha mapigo cha saa 24 hakikuonyesha mapigo ya hatari. Daktari amesema ni ugonjwa wa kurithi.

*Mfano wa tatu.* Kijana wa miaka 19 kutoka Ileje. Presha yake ni ya kawaida, na ukuta ni milimita 31. Aliwahi kuzimia akicheza mpira, na baba yake mdogo alifariki ghafla shambani akiwa na miaka 30.

Tukipanga kwa unene peke yake, dereva ndiye mwenye nafuu kuliko wote. Hata hivyo, mama mwenye ugonjwa wa kurithi, ambaye ukuta wake ni mnene kuliko wa dereva, ana matarajio mazuri ya kuishi maisha marefu akifuatiliwa. Dereva, akiendelea kama alivyo, anaelekea kwenye kiharusi au moyo kushindwa, na hilo linaweza kumkuta akiwa ameshika usukani. Lakini ndiye pia mwenye nafasi kubwa ya kupunguza unene wake: presha ikishuka na kubaki chini ya 140/90, au chini zaidi kama daktari atakavyoelekeza, ukuta utaanza kupungua. Kijana wa tatu anahitaji rufaa ya haraka kwa daktari bingwa wa moyo ili ijadiliwe kama anafaa kuwekewa kifaa cha kushtua moyo. Hadi hapo aache michezo ya kukimbizana, na ndugu zake nao wapimwe.

Hatari ya michezo mikali kwa watu wa aina hii inajulikana duniani. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé, kiungo wa timu ya taifa ya Kameruni, alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili uliripoti ugonjwa wa msuli mnene wa moyo. Hakukuwa na jambo la kishirikina, wala mtu wa kulaumiwa. Tunalitaja hili kwa sababu, panapotokea kifo cha ghafla cha kijana, familia nyingi hutafuta mchawi na kuvunjana undugu, ilhali wadogo zake marehemu wanabaki bila kupimwa.

5. Dawa: tahadhari kwa mnunuzi

Dawa inayomfaa mwenye presha inaweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa kurithi. Kwa baadhi ya wenye ugonjwa huo, ukuta mnene huziba njia ya damu kila moyo unapopiga. Dawa zinazotanua mishipa, kama nifedipini na amlodipini, na zile zinazokojosha sana, zinaweza kuongeza kizuizi hicho na kumfanya mgonjwa azimie. Kwake yeye daktari huanza mara nyingi na dawa zinazopunguza kasi ya mapigo, kama propranololi, atenololi au bisoprololi, au huchagua verapamili. Kwa hiyo mgonjwa asiazime dawa za moyo kwa jirani, hata kama majibu yao yana neno moja la "mnene".

Tunatoa tahadhari zifuatazo:

1. Dawa za kuongeza nguvu za kiume, zinazouzwa stendi na sokoni bila cheti cha daktari, hushusha presha ghafla. Mwenye kizuizi katika njia ya damu, au anayetumia dawa za moyo, asizitumie kabla ya kumwuliza daktari.

2. Dawa zinazopunguza kasi ya mapigo zisikatwe ghafla. Moyo huweza kurudi kwa kishindo, kwa mapigo ya mbio na maumivu ya kifua. Dereva anayevuka kwenda Zambia abebe dozi inayozidi siku za safari, kwa kuwa foleni haina ratiba, na aziweke katika mkoba wa mkononi pamoja na cheti chake.

3. Anayenunua dawa Nakonde au Tunduma asome jina halisi la dawa na kiasi chake kwa miligramu. Majina ya kibiashara hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mtu anaweza kumeza dawa ileile mara mbili akidhani ni mbili tofauti.

4. Duka la Dawa Muhimu limeruhusiwa kuuza aina maalumu tu za dawa. Dawa za moyo zinunuliwe famasi yenye mfamasia, kwa cheti, na mnunuzi adai risiti.

5. Anayeahidi "kuyeyusha msuli wa moyo" kwa chupa moja anauza maneno. Watoa tiba asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mgonjwa ana haki ya kuulizia usajili huo, na amweleze daktari dawa yoyote ya mitishamba anayotumia.

6. Dawa inayoshukiwa kuwa bandia, au iliyoleta madhara, itolewe taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa hutumika katika vituo vya afya, na mgonjwa anaweza kumwomba mhudumu amsaidie kuijaza.

Jambo jingine ni maji. Katika joto la bonde la Momba, kuelekea Ziwa Rukwa, mkulima hutoka jasho jingi. Mwenye ugonjwa wa kurithi akikaukiwa maji huweza kuzimia, kwa kuwa damu inayoujaza moyo hupungua. Anywe maji ya kutosha na apumzike kivulini. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshashindwa na anavimba miguu afuate kiasi cha maji alichopangiwa na daktari.

6. Njia ya rufaa, gharama na haki za mgonjwa

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao makuu yake yapo Vwawa. Mgonjwa wa kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, akapanda hadi hospitali ya halmashauri, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe. Ngazi inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka Tunduma. Kwa matibabu ya kibingwa zaidi ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 900. Taasisi hiyo pia hupeleka wataalamu mikoani kwa huduma inayoitwa tiba mkoba. Mgonjwa aulize hospitali ya mkoa kama kuna ziara iliyopangwa karibu, kwani kusubiri kwa wiki chache kunaweza kumwokolea nauli ya safari ndefu, ilimradi hali yake si ya haraka.

Kabla ya kusafiri, tunamshauri mgonjwa afanye yafuatayo:

- Aombe nakala ya majibu ya eko, ya kipimo cha umeme wa moyo na ya vipimo vya damu. Kipimo kimoja hakitoshi kuonyesha mwelekeo. Daktari hulinganisha milimita za mwaka huu na za mwaka uliopita, na karatasi iliyopotea humlazimu mgonjwa kulipia upya.
- Abebe barua ya rufaa. Mwanachama wa bima aulize mapema ni vipimo na dawa zipi zinazogharimiwa, na kama kituo anachokwenda kinapokea bima yake.
- Asiye na uwezo wa kulipa aonane na Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali kabla deni halijawa kubwa.
- Aandike maswali yake nyumbani, kwa kuwa mbele ya daktari mengi husahaulika.

Maswali tunayopendekeza ni haya: Unene wangu ni milimita ngapi, na umetokana na nini? Je, njia ya damu ina kizuizi? Je, nipimwe mapigo kwa saa 24? Ni kazi gani na michezo gani niiache? Nirudie eko lini? Je, watoto wangu wapimwe? Mgonjwa ana haki ya kupewa majibu kwa lugha anayoielewa. Pale asipoelewa, aombe kuelezwa tena bila kuona aibu.

7. Familia nayo ni mgonjwa

Katika ugonjwa wa kurithi, kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wapimwe eko na umeme wa moyo. Eko ikiwa nzuri leo haimalizi jambo, kwa kuwa unene mara nyingi hujitokeza katika ujana au hata baadaye. Watu wazima hurudia kipimo kila baada ya miaka 3 hadi 5, na vijana mara nyingi zaidi, kwa ushauri wa daktari.

Kwa familia ya mwenye presha, upimaji ni rahisi zaidi: mashine ya presha ya zahanati inatosha kuanzia. Chumvi ipungue katika chungu cha nyumba nzima, kwani kumpikia mgonjwa peke yake chakula kisicho na chumvi hakudumu. Pombe na sigara ziachwe. Binti au mke mwenye moyo mnene anayetarajia kupata mtoto amwone daktari kabla ya kushika mimba, ili dawa zake zipangwe upya. Baadhi ya dawa za presha, kama enalaprili na losartani, humdhuru mtoto tumboni.

8. Dalili za kutosubiri kesho

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja akizimia au akikaribia kuzimia, hasa akiwa katika kazi nzito. Vivyo hivyo akipata maumivu ya kifua yasiyotulia, akikosa pumzi hata alalapo, mapigo yakienda mbio bila mpangilio, au uso, mkono au usemi ukibadilika ghafla. Aliyezimia asiendeshe lori, bajaji wala bodaboda hadi daktari atakaporuhusu.

Mtu akianguka, haitikii na hapumui kawaida, mmoja aite msaada na mwingine aanze kubonyeza kifua palepale. Viganja viwili viwekwe katikati ya kifua, mmoja juu ya mwingine, vikandamize kwa nguvu kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama hadi msaada ufike. Kumwagia maji usoni au kumnywesha kitu hakumsaidii, na dakika zinazopotea ndizo zinazoua.

Maswali ya kujipima

1. Majibu ya eko yanasomeka IVSd 1.8 kwa sentimita. Hiyo ni milimita ngapi, na ni habari gani nyingine unazohitaji kabla ya kusema lolote kuhusu matarajio?
2. Kwa nini dereva wa mfano wa kwanza ana nafasi kubwa ya kupunguza unene wa moyo wake?
3. Taja mambo matatu yanayomfanya kijana wa mfano wa tatu ahitaji rufaa ya haraka.
4. Jirani anakupa vidonge vyake vya presha kwa kuwa nawe umeambiwa una moyo mnene. Utamjibu nini, na kwa sababu gani?
5. Katika ukoo wako, je, yupo aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40 bila sababu kujulikana? Kama yupo, andika jina lake, umri wake na alichokuwa akifanya, kisha uichukue karatasi hiyo uendapo kliniki.